Mbona mzee haamini simu na kijana haamini mzee, na kila mmoja anasema mwenzake ndo mbishi?

pwani_shela ameuliza:

Assalaam aleikum jamaa. Nina swali naliandika hapa manake kule kwa grupu ya familia lishageuka ugomvi na watu wametoka kwa grupu.

Iko hivi. Ami yangu ni nahodha, mzaliwa wa Matondoni huku Lamu, bahari ndo shule yake. Kabla hajatoa chombo anatazama mawingu upande wa Manda, anasikiliza wimbi linavyopiga kule mlangoni pa bahari pale Shela, anahesabu mwezi tarehe ngapi ajue maji, na ukimuuliza mambo ya msimu atakutajia nyota za Kilimia. Mwanawe, yaani binamu yangu, amesoma Mombasa, ana boti ya faiba ya kupeleka wageni kuvua, na yeye kila kitu ni apu ya upepo. Juzi binamu akasema kesho asubuhi shwari, apu yasema hivyo. Ami akasema hapana, mlangoni kutachafuka. Msiniulize nani alikuwa sawa, kila mmoja ana hadithi yake ya siku hiyo. Kilichonichoma ni kwamba binamu alicheka kabla babake hajamaliza kusema, na ami naye hata hakuitazama simu alopewa, aliilaza kifudifudi juu ya mkeka akaendelea na kahawa yake.

Na si wajinga hawa. Ami huyo huyo anatumia GPS kurudi kwenye mwamba wake wa samaki wa changu na haoni taabu. Binamu huyo huyo haondoki safari ndefu kabla mamake hajamsomea dua.

Sasa swali: mtu anaamuaje kwamba hili ni ujuzi na lile ni porojo kabla hata hajalisikia? Ni yale alokwisha kuyaamini ndo yanamfunga, au kuna kitu kingine? Na nyinyi mkitaka mtu mzima asikize kitu ambacho hakitoki upande wake mnafanyaje?

---

kibarazani_daily:

Swali zuri. Kuna jaribio moja mashuhuri la Marekani, chuo cha Stanford, lilichapishwa 1979. Walichukua wanafunzi 48, nusu wanaunga mkono hukumu ya kifo na nusu wanaipinga, wakawapa wote karatasi zile zile za utafiti (za kubuni, lakini wao hawakujua), moja yasema hukumu ya kifo inapunguza mauaji nyingine yasema haipunguzi kitu. Ungedhani watu wakisoma pande zote mbili watasogeleana. Wapi! Wengi walisema wametoka na msimamo mkali kuliko walioingia nao. Na si kwamba walikataa kusoma, walisoma sana tu, ila ile karatasi inayowaunga mkono waliipitisha haraka na ile inayowapinga wakaichambua kama mchele wa harusi, kila kijiwe kikatolewa.

Hapo ndo nasema neno "mbishi" halisaidii. Mbishi kwetu ni yule asiyesikia. Hawa walisikia kila kitu, ila kipimo walichoipimia karatasi hii sicho walichoipimia ile.

Na 1984 wakarudia kwa njia nyingine. Kundi moja wakaliambia tu, jamani kuweni waadilifu, msipendelee. Haikusaidia. Kundi la pili wakaliambia: kila hatua jiulize, utafiti huu huu, na makosa yake haya haya, ungetoa jibu la kinyume ungeupa maksi zile zile? Hilo ndo lilipunguza upendeleo.

Kwa hivyo usimwambie binamu "mheshimu babako". Muulize hivi: siku apu ikisema kutachafuka na mzee akasema shwari, utatoka?

---

punda_hana_breki:

Jibu la binamu nalijua mimi. Atatoka kama wageni washalipa 😂

---

kizingitini_kwetu:

@punda umecheka lakini umegusa penyewe. Mimi ni mtu wa bahari na naona mnaizungusha sana hii habari mpaka inakuwa ya vitabuni, ami na binamu hawabishani kuhusu ukweli, wanabishana kuhusu nani anayetajwa nahodha pale nyumbani. GPS haikumnyang'anya mzee kitu, inamrudisha kwenye mwamba aloutafuta yeye mwenyewe. Lakini apu inampa amri ya kutoka na kutotoka, na hiyo ilikuwa kazi yake yeye.

Halafu kuna jambo watu wa simu hawaambiwi. Ile apu haioni mlango wa Shela. Hizi modeli za hali ya hewa za dunia nzima, ndo apu inazozitegemea, zinakata bahari vipande vipande, na hata zile nzuri kipande kimoja kina upana wa kama kilomita 9, zingine zaidi. Ndani ya kipande hicho kuna Manda, kuna mkondo, kuna mchanga, kuna pahali maji yanatoka kwa nguvu na upepo unaingia yakakutana uso kwa uso, na hapo ndo chombo kinapinduka, na kwenye skrini pote ni rangi moja ya kijani kibichi. Mzee anajua hapo. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, ndo bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa upande wa saa kumi, kumi na moja, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, hiyo anaihesabu kwa vidole huku anatia tumbaku mdomoni.

Lakini na mzee naye tusimtie chumvi. Ujuzi wake umetengenezwa na yale alopitia yeye na babake na babu yake. Kitu ambacho hakijawapitia hakimo. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024? Idara ya hali ya hewa imetoa onyo pwani nzima, na wazee wangapi walisema kimbunga hakifiki huku, sisi hatujawahi kukiona. Na walikuwa wanasema kweli! Lamu iko kama nyuzi 2 tu kutoka ikweta na vimbunga havipendi karibu na ikweta. Lakini kikashuka Mafia, na mawimbi na upepo vikafika hadi huku Kenya. Lindi ilishapigwa na kimbunga 1952, sasa mtu wa Lindi ukimwambia kimbunga atakuuliza saa ngapi, mtu wa Amu, yaani Lamu, atakuuliza kimbunga cha nani.

Na si kwamba wazee wote hawana kumbukumbu ya mambo ya nadra. Kule Indonesia kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, kilikuwa karibu kabisa na tetemeko lile la Disemba 2004. Kisiwa hicho kilipigwa na tsunami 1907, na watu wakaiweka kwenye nyimbo na hadithi za kulazia watoto, wanaiita smong, nti ikitetemeka sana na bahari ikarudi nyuma kimbieni mlimani msingoje. 2004 nti ikatetemeka wakakimbia. Kisiwa kilikuwa na watu kama 78,000, wakafa 7. Huko Aceh ng'ambo tu wakafa maelfu kwa maelfu. Hakuna apu pale, hakuna king'ora. Hapo ukimwambia mtaalamu kwamba wimbo wa bibi ni chombo cha kuonya watu atakubali, kwa sababu ameona hesabu ya maiti. Mbona hakukubali kabla?

---

pwani_shela:

Hilo la GPS hukunipa nafasi ya kupumua, nilikuwa sijalifikiria hivyo kabisa. Lakini basi ikiwa kila kitu ni cheo, kwa nini mtu aamini chochote? Lazima kuna siku mtu anakubali kitu kinachomshusha. Hiyo siku inakujaje?

---

sista_wa_malindi:

Mimi ni klinikal ofisa huku Malindi, nitawaambia ya kwangu. Wageni wakija wanasema mama wa huku "haamini hospitali". Si kweli. Mama yule yule mtoto akiwa na homa atapanda boda usiku kuja kupimwa malaria. Lakini mtoto akikakamaa, macho yakapinduka, hiyo kwake si homa tena, hiyo ni degedege, wengine waite nyuni, na degedege kuna watu wake. Kuna imani ya zamani kabisa pwani hii na kule Tanzania pia kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano anakufa. Kwa hivyo anapelekwa kwanza kwa mzee wa dawa, akishatulizwa ndo aletwe kwetu, amechelewa, tunamtia sindano, anafariki. Na jirani zake wote wameona nini? Mtoto wa degedege kadungwa sindano kafa. Imani imepata ushahidi, tena wa macho. Hebu niambieni hapo mama amekosea wapi kufikiri? Amefikiri sawasawa kabisa, ila alipoanzia.

Ndo maana mimi siku hizi sibishani kuhusu jina. Sisemi hakuna degedege. Nauliza: mama, kabla hajakakamaa alikuwa na nini? Atasema alikuwa na homa siku ya jana. Na hiyo homa ungempeleka wapi? Hospitali. Basi homa bado imo ndani, tukaitafute. Hapo anasogea. Sikumwondoa kwa mzee wake, nimemwomba swali moja tu katika yale maswali alokuwa ameshayagawa, hili langu hili lako.

Na upande wetu sisi wa koti jeupe tusijifanye watakatifu. Dawa ya malaria tunayowapa leo, ile ya AL, inatokana na mmea wa Kichina, artemisia. Miaka ya 60 wakati wa vita vya Vietnam klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo, imeshaanza kushindwa, Wachina wakaanzisha mradi wa siri 1967, na mama mmoja Tu Youyou na wenziwe wakapekua vitabu vya kale, mapishi zaidi ya 2,000. Majani hayo walikuwa wamekwisha kuyajaribu, mara yanafanya kazi mara hayafanyi. Mpaka akasoma sentensi ya tabibu mmoja wa karne ya 4, Ge Hong, ambaye hakusema chemsha, alisema loweka kwa maji halafu kamua unywe. Akajiuliza labda moto ndo unaiua dawa. Akatoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto la chini, 1971 ikafanya kazi kwa panya, mwaka uliofuata akainywa yeye mwenyewe kabla ya wagonjwa. 2015 akapewa Nobeli. Sasa tazameni pande mbili: angedharau kitabu cha zamani asingepata, na angekiamini tu akachemsha majani akagawa pia asingepata. Na nawaomba msiniulize tena kuhusu chai ya artemisia, shirika la afya duniani halikubali itumike kutibu malaria, kipimo cha dawa kwenye kikombe hakijulikani na mdudu anazoea.

---

hesabu_haidanganyi:

Nimefurahia sista. Niongeze kidogo upande wa hesabu manake ndo kazi yangu kufundisha vijana. Kuna kanuni ya kubadilisha maoni kwa ushahidi, iliachwa na kasisi mmoja Mwingereza, Bayes, ikachapishwa 1763 keshakufa. Kwa maneno rahisi unachukua ulivyokuwa unaamini mwanzo, unazidisha na uzito wa ushahidi, unapata unavyopaswa kuamini sasa. Mtu akianza na imani ndogo, hata moja kwa mia, ushahidi ukirundikana atafika tu, atachelewa lakini atafika. Lakini akianza na sifuri, zidisha sifuri kwa milioni, bado sifuri. Kwa hivyo mimi simuogopi mtu mwenye shaka, namuogopa mwenye sifuri. Na sifuri haina digrii wala haina kanzu, nimeiona kote.

Mfano wa huku huku Afrika Mashariki. 1963, Erasto Mpemba, kijana wa shule ya Magamba, Tanganyika, wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji ni chache, akaogopa kukosa akatia maziwa yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yasochemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Likizo akakutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu mjini Tanga, yule akamwambia sisi ndo tunavyofanya kila siku, yakiwa moto yanaganda upesi. Yaani wachuuzi wanajua, shule haijui! Baadaye mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisha akaja profesa Osborne wa chuo cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi kule Mkwawa, Iringa, Mpemba akasimama akauliza, wenzake wakacheka, lakini Osborne hakuwa na sifuri, akasema nitakwenda kujaribu. 1969 wakachapisha pamoja.

Na hadi leo inabishaniwa, kuna watafiti 2016 walipima kwa makini wakasema hawaoni athari yoyote. Sawa! Wamepima. Hiyo ndo tofauti yao na yule mwalimu.

Sasa niwachokoze na la huku Amu. Sote tunaswali kwa taimtebo ilobandikwa msikitini, hakuna anayetoka kupima kivuli cha fimbo kila adhuhuri, tumeikubali hesabu ya jua miaka mingi. Ikija Ramadhani, hesabu ile ile ya mwezi tunaiita bidaa, yaani uzushi, watu wanapanda juu ya paa na mwaka mwingine mtaa huu unakula idi mtaa ule umefunga. Hiyo si vipimo viwili?

---

maalim_langoni:

Bwana Hesabu, amani iwe juu yako, nilijua lazima ufike hapo. Nitakujibu kwa upole.

Umechanganya mambo mawili. Moja ni kujua mwezi uko wapi. La pili ni nini kinachotuwajibisha kufunga. Kwenye la kwanza sina ugomvi na wewe, wanavyuoni wetu walikuwa mafundi wa falaki, elimu ya nyota, na sote tunajua kupatwa kwa jua kunatabiriwa hadi dakika. La pili tumeamrishwa: fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona, na mkifunikwa na mawingu timizeni thalathini. Kwa hivyo mwezi ukiwepo nyuma ya wingu mimi sisemi haupo, nasema sijawajibika. Swala imefungwa na wakati, jua likipita limepita, umejua kwa kivuli au kwa saa ni sawa. Sivyo ilivyo saumu. Mtu wa nje akitutazama anadhani tunakataa elimu, kumbe swali tunaloliuliza si lile analolijibu yeye.

Na nikuongeze jambo, kwa sababu hili halisemwi sana barazani. Imamu Subki, mtu wa madhehebu ya Shafi kama sisi, alofariki 1355, alisema hesabu ya yakini ikionyesha kwamba mwezi hauwezi kuonekana usiku huo, kisha mtu akaja kushuhudia kauona, ushahidi wake unakataliwa. Wengi hawakumfuata, lakini tazama alivyofanya: hakuitoa amri kwenye macho akaipa hesabu, aliitumia hesabu kumpima shahidi. Macho ya mtu hudanganyika, hasa siku ya 29 akiwa na hamu ya idi.

Kwa huyu kijana wa Shela: ami yako na binamu yako ungeweza kuwaweka hivyo hivyo. Mmoja awe shahidi wa mwenzake badala ya kila mmoja kuwa kadhi.

---

pwani_shela:

Maalim nakupa mkono. Hii ya mmoja kumpima mwenzake naipenda, lakini kwa vitendo inakuwaje? Ami hatakubali kupimwa na mwanawe.

---

kizingitini_kwetu:

Wapimwe wote na bahari. Daftari moja, jioni kila mmoja anaandika kesho itakuwaje, kila mmoja aandike bila kuona ya mwenzake, asubuhi mtu wa tatu anaandika ilivyokuwa. Kule Vihiga kuna ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi, serikali ya mkoloni iliwachukulia kama wachawi tu. Siku hizi wanakaa meza moja na watu wa idara ya hali ya hewa, kila upande unaleta utabiri wake wa msimu, wanalinganisha, wanatoa mmoja wa pamoja kwa wakulima. Hakuna aloambiwa aache yake. Na wakulima waliusikiza zaidi kwa sababu sauti wanaijua.

Ila daftari asiliweke binamu. Aliweke mama mtu.

---

punda_hana_breki:

Na wale wa mabango ya nguzo za stima, mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anaongeza biashara, anashinda kesi? Nao tuwape daftari?

---

sista_wa_malindi:

Wape tu. Utaona nani anakataa kuandika. Mzee wetu mmoja huku wa mitishamba nimeshamwuliza mara nyingi, hii dawa inashindwa lini? Ananiambia waziwazi, ikiwa mtoto ameanza kuwa wa manjano mimi siwezi, leteni kwenu. Huyo namheshimu, na wagonjwa wake nawapokea bila maneno. Asojua dawa yake inashindwa lini sina cha kuzungumza naye, awe ana hirizi awe ana stetoskopu.

---

hesabu_haidanganyi:

Maalim nimekusoma mara mbili. Hoja ya kuwajibika nimeielewa na sikuwa nimeiweka vizuri kwenye swali langu. Lakini ukikubali ya Subki ushanipa nusu, manake mwaka ambao hesabu inasema haiwezekani na watu wakaapa wameuona, utasimama upande wangu mbele ya msikiti mzima?

---

maalim_langoni:

Nimesema alisema Subki, sikusema nimemfuata. Njoo tarehe 29 Shaabani juu ya paa la madrasa, uje na hesabu yako na mimi nije na mato yangu, na kahawa ni juu yako.